Punguzo la hatifungani si faida ya mwaka mmoja

*Mimi ni mhazini wa SACCOS. Tumenunua hatifungani ya serikali ya miaka 5 yenye thamani ya Sh100 milioni kwa Sh92.64 milioni, kuponi ni asilimia 10 kwa mwaka. Mwenyekiti anataka tofauti ya Sh7.36 milioni iwe faida ya mwaka huu, tugawane. Nakosea kumkatalia?*
– Mhazini, Morogoro

Ndugu Mhazini, hujakosea. Punguzo hilo ni sehemu ya riba: soko lilitaka karibu asilimia 12, kuponi inatoa 10, kwa hiyo bei ikashuka kufidia pengo. Mtalivuna kidogo kidogo hadi hatifungani iive.

Iandike kwa Sh92.64 milioni. Kila miezi 6, zidisha thamani iliyo vitabuni kwa asilimia 6, yaani nusu ya ile 12 ya mwaka. Mara ya kwanza mapato ni Sh5,558,400; taslimu ni Sh5 milioni, na Sh558,400 inayobaki huongezwa kwenye thamani ya hatifungani. Mngenunua juu ya Sh100 milioni, thamani ingeshuka vivyo hivyo, na mapato yangekuwa chini ya kuponi.

Mkipanga kuiuza kabla haijaiva, mwoneni mkaguzi kwanza, maana hesabu hubadilika. Na mwenyekiti aambiwe wazi: fedha anayotaka kugawa bado haijaingia benki.