Somo la Ujenzi: Mhandisi Aitwe Kabla ya Msingi

Katika somo lililopita tulizungumza habari za sakafu za kuanikia karafuu na sababu za kupasuka kwake. Baada ya somo lile alitujia ofisini mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, ameshika karatasi. Kijana wake anafanya kazi Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu, upande wa mashariki ya Ziwa Viktoria. Amepata kiwanja huko, na baba amemwekea fedha za misimu miwili ya karafuu ili ajenge. Karatasi ile ilikuwa hesabu ya fundi: matofali, saruji, mabati, milango. Mzee akatuuliza, "Bwana Katibu, hesabu hii imekaa sawa?"

Hesabu yenyewe ilikuwa safi. Walakini tulitafuta jina la mhandisi tusilione, wala hapakuwa na neno hata moja juu ya udongo. Kwa kuwa wanachama wengi wana watoto bara, tumeona jambo hili tuliweke mbele yenu nyote.

Sisi watu wa visiwani ardhi yetu imetudekeza. Penye mawe mtu huchimba kidogo tu akagonga jiwe, akajenga juu yake akalala usingizi. Lakini mwenye bonde la mpunga anakijua kinamo. Kiangazi hupasuka nyufa, na mvua zikishuka huvimba na kung'ang'ania mguu. Basi mbuga ya Usukumani ni kinamo cha namna hiyo, ila ni cheusi, kizito, na chatanda mbali sana. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani katika miaka ya 1930, alieleza jinsi udongo wa nchi hizi unavyofuatana kama mnyororo toka kilimani hadi bondeni: juu mawe na mchanga, chini mbuga nyeusi. Kwa hiyo viwanja viwili vya mteremko mmoja vyaweza kutofautiana kabisa. Mtu asiseme, "Nyumba ya jirani imesimama, na yangu itasimama."

Mkoa ule hupata mvua toka kama Novemba hadi Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Udongo mweusi hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea. Nyumba inapokuwa juu yake, udongo wa katikati hufunikwa na sakafu, hivyo unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa pembeni hupanda na kushuka kila mwaka. Kuta huinuliwa na kuachwa, mara upande huu, mara ule. Mzee wetu alipokwenda kumtazama kijana wake aliikuta nyumba aliyopanga ina ufa wa mshazari toka pembe ya dirisha, mkono wapita, na mlango uliofungika vizuri wakati wa kiangazi ulikuwa haufungiki masika. Alidhani ni ubahili wa saruji. Huenda saruji ilikuwa ya kutosha.

Watu wengi hudhani mhandisi ni wa magorofa tu, hasa tangu jengo lile la Dar es Salaam lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 wakafa watu 36. Kumbe juu ya mbuga hata nyumba ya chini yamhitaji, tena pengine zaidi, kwa sababu ni nyepesi na udongo unaovimba hauoni tabu kuiinua.

Kazi yake ya kwanza si mchoro, ni shimo. Atachimbisha mashimo kiwanjani, aghalabu ya mita mbili au zaidi, atazame tabaka za udongo na kupeleka sehemu yake maabara. Kipimo kimoja ni rahisi kukifahamu: unga wa udongo mkavu, sentimita 10 za ujazo, humiminwa katika chupa ya vipimo yenye maji. Ukituama ukaonekana umefika 20, maana yake umevimba mara mbili, na udongo huo ni wa kuogopwa.

Hapo ndipo atakapochagua. Pengine ataamuru udongo mweusi uondolewe, ijazwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Pengine msingi utashushwa hadi chini ya tabaka linalocheza. Au atasimamisha nguzo zenye kwenda chini, juu yake alaze boriti za zege, na chini ya boriti aache nafasi tupu udongo upate pa kuvimbia. Au atafunga nondo jamvi zima liwe kipande kimoja kigumu, nyumba iende nalo kama dau na maji yake. (Mzee alipoona neno "jamvi" katika hesabu alidhani kijana anataka kuanika karafuu Bariadi. Mafundi wa bara huita hivyo sakafu ya zege.) Kadhalika atasema maji ya paa yapelekwe mbali, nje kuzungukwe na sakafu, na miti pamoja na karo la choo visikaribie ukuta.

Hakikisheni jina lake limo katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mapatano yaandikwe. Msimlipe mchoro peke yake, bali na safari zake za kuja kiwanjani: shimo la msingi likiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya kumwaga zege, na tena wakati wa mkanda wa juu. Mtu akipeleka mchoro uliokwisha, akaomba muhuri tu ili apate kibali cha halmashauri, amenunua wino. Na mwenye nia ya kuongeza ghorofa baadaye aseme leo, asimfiche.

Fundi naye asidharauliwe. Mkono ni wake. Ila asiachwe kupunguza nondo kwa kuwa "nyumba zote hapa hujengwa hivi."

Mzee amekubali kuzuia fedha ya matofali kwanza. Mashimo mawili yamekwisha chimbwa kule, na udongo umepelekwa kupimwa. Majibu yakifika, mzee ameruhusu yawekwe ofisini pamoja na michoro, na kila mwanachama atakaye kuitazama aje asubuhi yoyote ya kazi.