Kabati linanuka ukungu

Swali: Nakaa Ng'ambo, Zanzibar. Kila masika nguo za kabatini zinafanya madoa meusi, na viatu vya ngozi vinaota unga mweupe. Nimefuta kwa jiki, lakini baada ya wiki mbili yamerudi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, jiki imeng'arisha doa tu, mizizi imo ndani ya mbao, na maji uliyopakia yameiongezea unyevu. Kabla hujanunua dawa nyingine, livute kabati utazame mgongo wake. Nadhani limegandana na ukuta wa nje, na ubao wa nyuma umeshavimba. Hewa isipopita hapo, ukungu hauhami. Acha nafasi ya kiganja, kama sentimita 10.

Ngoja siku ya jua, toa kila kitu. Vaa barakoa, sugua mbao kwa sabuni na maji ya moto, futa, kisha pitisha siki. Siki na jiki usizichanganye kamwe: hutoa hewa ya sumu. Liache wazi mpaka likauke kabisa. Nguo fua, anika juani, na usirudishe hata khanga moja ambayo pindo lake bado bichi.

Ukiona chini ya ukuta rangi inabambuka au chumvi nyeupe inachomoza, maji yanapanda kutoka ardhini, au kuna bomba linavuja. Hapo mwite fundi. Naye asikupakie rangi ya mafuta juu ya ukuta huo. Ataufungia unyevu ndani.