Sukari ya Damu Katika Maisha ya Kila Siku Unguja

Kisukari ni maradhi ya mwili kushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu. Chakula cha wanga, kiwe wali, muhogo au boflo, kikishasagwa tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili itoke humo na kuingia kwenye misuli, inahitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila ya sindano. Katika aina ya pili, inayowapata walio wengi, insulini ipo lakini haitoshi, au mwili hauiitikii. Hii huja pole pole, pengine kwa miaka bila ya dalili yoyote. Ipo pia inayojitokeza wakati wa ujauzito. Mara nyingi huondoka mama akishajifungua, lakini humwachia hatari ya kupata aina ya pili baadaye, kwa hiyo anapaswa kurudi kupimwa.

Dalili zinazojulikana ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kukonda, uchovu, macho kuona ukungu na vidonda visivyopona. Linaloamua ni kipimo: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, au 11.1 na zaidi wakati wowote kwa mwenye dalili, huo ni ugonjwa wa kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuthibitishwa.

Sinia la mchana

Katika nyumba nyingi za Unguja chakula cha mchana huliwa pamoja, sinia moja limezungukwa na watu watano au sita. Hapo ndipo ushauri wa kliniki unapokwama. Mgonjwa ameambiwa apunguze wali, lakini ndani ya sinia hakuna fungu lake linaloonekana, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Njia iliyo nyepesi ni kumpakulia katika sahani yake, naye akakaa mkekani na wenzake kama kawaida. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, bamia, matembele, mabiringani au kachumbari. Robo iwe samaki, kuku, choroko au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au muhogo.

Kumpikia mgonjwa chungu chake mbali hakufai. Kunamchosha mpishi, kunaongeza gharama, na kunamfanya mgonjwa ajione mgeni nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo, na watoto wanaokula pamoja naye ndio wanaohitaji kinga mapema. Mboga ikiongezwa katika sinia la wote, nyumba nzima imefaidika.

Vyakula vinavyohitaji hadhari ni vile ambavyo wanga hupandana juu ya wanga. Urojo ni mfano ulio wazi: mchuzi wenyewe umefanywa mzito kwa unga, ndani yake mna mbatata, bajia na kachori, na juu humwagiwa chipsi za muhogo. Anayeupenda ale bakuli dogo, mbatata zipunguzwe, na iwe ndio chakula chake cha wakati huo, si kitafunio kabla ya chakula. Juisi ya miwa inayouzwa Forodhani haipungui sukari kwa kutiwa ndimu na tangawizi. Dafu nalo lina sukari, ingawa kidogo kuliko miwa. Embe, chungwa au shokishoki likiliwa zima, kwa kiasi, ni bora kuliko juisi yake, kwa sababu nyuzi za tunda huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Chai ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kijiko kidogo kimoja kina sukari ya gramu 4 hivi. Anayetia vijiko vitatu na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekunywa gramu 36 za sukari tupu kabla hajahesabu andazi. Kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili kunawezekana, na ulimi huzoea. Kahawa chungu ya barazani haina neno. Tatizo ni kashata na halua zinazoandamana nayo.

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa ameruhusiwa kula, na Surat al-Baqara imelitaja hilo waziwazi katika aya ya 184 na 185. Hata hivyo wagonjwa wengi hutaka kufunga, na wapo wanaoweza kufunga kwa salama. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo saumu yake ni kama saa 13 kila mwaka, haifiki urefu wa saumu ya kiangazi cha Ulaya. Pamoja na hayo, saa 13 ni nyingi kwa mwenye aina ya kwanza, kwa mjamzito anayetumia insulini, kwa mwenye figo zilizodhoofika, na kwa aliyewahi kuanguka kwa kushukiwa na sukari hivi karibuni. Hao hushauriwa wasifunge.

Wengine waende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, yaani tangu Rajabu. Muda huo unamtosha daktari kubadilisha nyakati na vipimo vya dawa. Kusogeza au kuacha dawa kwa rai ya mtu mwenyewe ndiko kunakoleta hatari kubwa. Vidonge kama glibenklamidi vinaweza kuishusha sukari mchana wakati tumbo tupu, na insulini vilevile.

Kutoboa kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Mgonjwa apime mchana na alasiri, na wakati wowote anapojihisi vibaya. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mmol/L, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi.

Futari ya Unguja ni nzito: muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, tambi, mkate wa kumimina, uji. Kila kimoja ni wanga. Mgonjwa afungue kwa tende moja au mbili na maji, kisha achague aina moja ya wanga, pamoja na samaki na mboga. Daku lisirukwe, na liliwe karibu na alfajiri. Kwenda kwa miguu kusali tarawehe, na kuisali kwenyewe, ni mazoezi yanayohesabika.

Sukari inaposhuka

Kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika ni dalili za sukari iliyoshuka chini ya 4. Mgonjwa apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe. Ikiwa bado, arudie, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Watu wa nyumbani, mwalimu wa skuli na wenzake wa kazini lazima walijue hili, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema.

Dawa, na umeme unapokatika

Metformini inywewe pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Dawa haiachwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu; nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Mlonge, habbasoda na mdalasini haviwezi kushika nafasi ya dawa, na anayevitumia amwambie daktari. Siku ya homa insulini haisitishwi: mgonjwa anywe maji mengi na apime mara nyingi zaidi. Akitapika, akihema kwa kasi au pumzi yake ikinuka kama matunda, aende hospitali saa hiyohiyo.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Iliyokwisha kufunguliwa hudumu wiki nne hivi penye joto lisilozidi nyuzi 30. Unguja inajua maana ya friji kuzima: Mei 2008 umeme unaotoka Bara ulikatika kwa karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010. Wakati kama huo chupa ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, iwekwe katika chungu cha udongo chenye mchanga uliolowanishwa, kivulini penye upepo. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo chungu hakitapoa kama friji, lakini kitaikinga dawa na joto la chumba cha bati.

Miguu

Sukari iliyo juu kwa miaka huua mishipa ya fahamu, na mguu ukaacha kusikia maumivu. Kisiwa hiki kina mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe, na wanawake wa Paje na Jambiani hushinda majini wakilima mwani. Mwenye kisukari asitembee peku, baharini wala nyumbani, na viatu vyake avikung'ute kabla ya kuvivaa.

Udhu unampa Muislamu nafasi ya kuitazama miguu mara tano kwa siku. Anapoiosha aangalie nyayo na katikati ya vidole, asiyeona vizuri aangaliwe na mtu, kisha aifute ikauke kabisa, kwani unyevu baina ya vidole huleta fangasi na mipasuko. Maji ya moto ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Kidonda, hata kidogo kisichouma, kionyeshwe kituo cha afya siku hiyohiyo, si baada ya wiki ya kukipaka dawa za nyumbani. Macho na figo nazo huchunguzwa mara moja kila mwaka, hata kama haziashirii lolote, maana uharibifu wake huanza kabla ya mgonjwa kuuhisi.