Meseji Zimetumwa: Je, Zimesaidia?

Katika taarifa moja iliyopita tuliandika kwa furaha idadi ya meseji za afya tulizowatumia akina mama wajawazito. Mfadhili mmoja akatuuliza swali moja tu: je, walihudhuria kliniki kuliko wale wasiopata meseji? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehesabu kazi yetu, si matunda yake.

Tujifunze kutoka Zanzibar. Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika utafiti wa wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Kwa kura, nusu ya vituo vilipewa mpango wa meseji pamoja na vocha ya kumpigia mhudumu; vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Kura ilipigwa kwa vituo, si kwa mama mmoja mmoja. Tunaona busara hapo, maana majirani huambiana, na meseji ya mmoja husomwa na watatu.

Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44, dhidi ya 31 upande wa pili. Bila upande wa pili, hao 31 nao tungewahesabia meseji! Waliojifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47. Lakini ongezeko hilo la kujifungua lilionekana kwa wakazi wa mjini; vijijini halikuonekana. Sharika za vijijini, someni sentensi hiyo mara mbili.

Jambo lingine ni waliopotea. Katika utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa VVU 273 walitumiwa kila wiki neno "Mambo?" nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Vipimo vya damu vilionyesha virusi vimedhibitiwa kwa asilimia 57, dhidi ya 48 kati ya 265 wasiotumiwa. Aliyetoweka alihesabiwa kuwa hakufanikiwa. Sisi huwa tunamfuta daftarini, na asilimia inapanda.

Kwa hiyo, kabla ya kununua vocha, kila kamati iandike kutoka daftari la kliniki mahudhurio ya sasa. Kisha tutapiga kura hadharani kuamua sharika zipi zianze. Zitakazosubiri zisinung'unike: ziendelee kuandika mahudhurio yao kila mwezi, kwani bila hayo hatutakuwa na cha kulinganisha.