Somo: Mtoto Ambaye Jicho Lake Moja Hugeuka Kando

Hapa Lubumbashi, katika Kenya, Katuba au Ruashi, pengine mmeona mtoto mwenye makengeza. Jicho moja latazama mbele, lingine lageuka kando. Jirani husema, "Akikua litarudi." Sikieni sababu ya kutongoja.

Jicho haliondoi giza peke yake. Hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongo, upande wa kisogo. Huko chembe moja husema na nyingine kwa kumwaga glutamati, ndiyo ile iliyomo katika Maggi ya mchuzi wa bukari. (Lakini usimlishe mtoto Maggi ili aone! Ile ya chakula karibu haiingii katika ubongo.)

Chembe inayopokea ina milango ya namna mbili. Wa kwanza, AMPA, hufunguka upesi glutamati ikiugusa, na chembe huamka. Wa pili, NMDA, umezibwa na magnesi kama chupa yenye kizibo. Mabingwa walikitambua mwaka 1984. Glutamati peke yake haiwezi kukiondoa. Lazima milango ya kwanza mingi iamshe chembe sana pamoja. Ndipo kizibo hutoka, kalsiamu huingia, na kiungo cha chembe hizo hupata nguvu. Habari dhaifu, isiyopatana na nyingine, haiondoi kizibo, na kiungo chake hulegea.

Huko Marekani, Hubel na Wiesel walifunga jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua baada ya miezi michache, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini chembe za ubongo karibu hazikulijibu tena. Kwa paka mkubwa haikuwa hivyo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kwa hiyo mlete mtoto mapema, afadhali kabla ya miaka 7. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito hufaa apasuliwe katika miezi miwili ya kwanza. Ukiona weupe katika mboni, njoo juma hilo hilo, kwa maana pengine ni kansa.

Kwa makengeza, munganga aweza kutoa miwani, au kufunika jicho zima saa fulani kila siku, ili lile dhaifu lifanye kazi. Mtoto atalia, na nyanya yake atamhurumia na kukitoa kitambaa. Mama, kirudishe. Lakini usizidishe saa ulizopewa, kwa kuwa jicho zima likifungwa mno, nalo huweza kudhoofika.