Ijue Nguo Kabla ya Kuinunua

Gesima, katika Nyamira, ni nchi ya vilima na mashamba ya chai. Mvua hunyesha katika miezi mingi ya mwaka, na asubuhi huwa na baridi. Mtoto huenda shule penye umande, na jioni huota moto karibu na mafiga. Kwa hiyo mama achaguaye nguo katika soko la Keroka asitazame rangi na bei tu. Yampasa kujua nguo hiyo imefumwa kwa nyuzi gani.

Nyuzi za pamba na kitani hutoka katika mimea. Sufu na hariri hutoka kwa wanyama. Nailoni, poliesta na akriliki hutengenezwa viwandani, hasa kwa mafuta yachimbwayo ardhini.

Pamba hunywa jasho, huvumilia kuchemshwa, na haiharibiwi upesi na pasi ya makaa. Yafaa sana kwa nepi, shuka na nguo za ndani. Ndiyo pamba ya khanga, kaki na marekani, nguo iliyopata jina lake kwa wafanyabiashara wa Marekani walioileta Unguja katika karne ya 19. Lakini pamba ikilowa hukawia kukauka, na humpunguzia mtu joto la mwili. Mchuma chai aliyenyeshewa na abadilishe fulana yake mapema.

Sufu hukinga baridi hata ikiwa na unyevu, wala haishiki moto upesi. Ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, isisokotwe, na ianikwe kivulini juu ya kitu bapa. Maji ya moto huifanya inywee.

Poliesta ni imara, hukauka upesi na haikunjamani, bali hunywa jasho kidogo mno. Ikichanganywa na pamba hufaa kwa sare za shule. Akriliki hufanana na sufu, na sweta nyingi zidhaniwazo kuwa za sufu ni za akriliki.

Njia ya kuzitambua ni hii. Mtu mzima achomoe nyuzi mbili tatu katika pindo, azishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, kisha aziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi na huacha jivu laini. Sufu huwaka kwa shida na hunuka kama nywele zilizoungua. Nailoni, poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu. Nyuzi zilizochanganywa huonyesha dalili za namna zote mbili.

Donge hilo ni onyo. Nguo inayeyuka vivyo hivyo juu ya ngozi ya mtoto, nayo hugandamana nayo. Hata pamba si salama, kwa maana gauni pana la pamba hushika moto mara moja. Basi mtoto akaapo karibu na mafiga, avae nguo isiyopwaya.

Nguo ikishika moto, mtoto asikimbie. Alazwe chini na kuviringishwa mpaka moto uzimike. Kisha mahali palipoungua pamiminiwe maji baridi safi kwa dakika 20. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Mtoto apelekwe hospitali bila kukawia.