Maandalizi Kabla ya Dripu ya Imunoglobulini

Imunoglobulini ni dawa inayotengenezwa kwa kingamwili zilizotolewa katika maji ya damu ya wachangiaji zaidi ya elfu moja. Hupewa mgonjwa ambaye mwili wake hauzalishi kingamwili za kutosha, na pia katika maradhi machache ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama vile ugonjwa wa Guillain-Barré unaolegeza miguu na mikono. Dawa hii ni adimu na ni ghali. Mkazi wa Muyama huweza kupewa rufaa hadi Maweni, Kigoma, au Bugando, Mwanza. Asipojiandaa, fedha za ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya tiba zaweza kupotea bure. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji azingatie yafuatayo.

1. Apimwe uzito upya. Kipimo cha dawa hutegemea kilo. Kwa Guillain-Barré, kipimo cha kawaida ni gramu 0.4 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 5. Mgonjwa wa kilo 60 akiandikiwa kilo 70, atazidishiwa gramu 20 kwa jumla, yaani vichupa vinne vya gramu 5 alivyovilipia bila haja.

2. Aeleze hali yake yote. Daktari ajue kama ana ugonjwa wa figo, moyo au kisukari, kama damu yake iliwahi kuganda mishipani, kama ana ujauzito au mzio, na dawa anazotumia, zikiwemo za miti shamba.

3. Anywe maji ya kutosha tangu siku iliyotangulia, isipokuwa daktari amemzuia. Maji huzilinda figo na hupunguza maumivu ya kichwa.

4. Asibebe dawa mkobani. Aina nyingi huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, wala hazipaswi kuganda. Baridi ya milima ya Buha si jokofu, na safari ya basi ni ndefu. Ni salama zaidi hospitali iagize dawa yenyewe. Mgonjwa aombe kuoneshwa kichupa, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya toleo, ainakili namba hiyo, kisha adai risiti.

5. Aseme mapema. Dripu huanza polepole na huchukua saa kadhaa. Akihisi baridi kali, kuwashwa, kubanwa kifua au kichwa kuuma, amwite muuguzi papo hapo. Asiiongezee kasi dripu mwenyewe.

6. Arudi hospitali haraka iwapo baadaye mkojo utapungua, mguu utavimba, pumzi itabana au shingo itakakamaa. Madhara hayo yaripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Mzazi, andika tarehe ya tiba kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Kingamwili za dawa huweza kuidhoofisha chanjo ya surua na rubela kwa miezi kadhaa. Muuguzi atakupangia tarehe nyingine.